Dokta wa Paka wa Mpondwe

Nianze na ubaya wake, maana ndio ulionifikia kwanza. Siku ya kwanza Dokta alipoingia dukani kwangu Mpondwe hakunisalimu wala hakuangalia bidhaa. Aliangalia sahani niliyokuwa nimeiweka mlangoni, yenye ugali uliolala na mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, kwa ajili ya paka wa nyuma ya soko. Akaiinua, akaimwaga yote ndani ya gunia la maharage lililokuwa wazi, akaikung'uta juu yake isibaki hata chembe.

"Sasa panya itakuja kukulia hapa," alisema. "Si ndiyo unataka?"

Akaenda zake. Nilichambua yale maharage mpaka adhuhuri huku nikimlaani kwa lugha zote tatu ninazozijua, na jioni sikuweka sahani tena.

Nasema Dokta kwa sababu kila mtu alimwita hivyo. Hakuwa daktari. Alikuwa msaidizi wa mifugo wa serikali aliyestaafu, akapanga chumba kimoja Bwera, na kila asubuhi alishuka kwa miguu hadi kwetu mpakani. Alizaliwa lini na wa ukoo gani sikuuliza, wala hakuwa mtu wa kuulizwa. Nilijua tu kwamba alikuwa na shamba Mahango, juu mlimani, na mwana aliyemlimia. Alivaa gambuti mvua au jua, na koti la kaki lililopauka, na mikono yake ilikuwa na makovu ya kucha hadi kwenye viwiko. Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka. Baba yangu aliendesha lori Kasese mjini, nami nikaifuata barabara mpaka inapoishia, nikapata stoo katika safu ya stoo kumi na mbili nyuma ya soko la Mpondwe. Watu waliniita Hajati ingawa Makka sijaiona hata ndotoni. Dokta naye aliniita hivyo, lakini kinywani mwake lilikuwa tusi.

Stoo zetu zilijaa mahindi na maharage yanayosubiri kuvuka, kwa hiyo zilijaa panya, na panya waliwaleta paka. Paka hao hawakuwa wa mtu. Walikuwa wakonde, wenye makamasi na macho yaliyogandamana, wakizaa chini ya mbao tunazopangia magunia na kukojolea kila kitu kilichosimama. Mteja wa Congo akinusa gunia akasikia mkojo, anasonya na kwenda kwa jirani. Kamati ya wenye stoo iliwahi kuwatilia sumu kabla mimi sijafika. Mwaka nilioanza biashara walikuwa wamerudi tele, na Mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye malori mawili na tumbo la kutosha la tatu, aliitisha mkutano ili watiliwe tena. Dokta aliingia mkutanoni bila kualikwa.

"Ile mara ya kwanza muliua ngapi?" aliuliza.

"Wote," Mwenyekiti akajibu.

"Wote. Na hizi zinalia huko nje ni nini, mbuzi?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka.

"Munaua, nafasi inabaki, chakula inabaki," Dokta akaendelea. "Ingine inatoka bucha, ingine inavuka kutoka Congo, inakuja inazaa. Na katikati hapo, kabla hazijafika, panya inakula mahindi yako mwaka muzima. Wewe Mwenyekiti uko mutu mukubwa, lakini hiyo kichwa inafanya kazi nusu siku."

Angenyamaza hapo angepata alichotaka bila masharti. Kwa kuwa alimtukana Mwenyekiti mbele ya watu, alipewa masharti magumu. Misimu miwili ya mavuno. Ahasi kila paka wa nyuma ya soko, dume na jike, awalishe kwa njia isiyoleta panya, na baada ya misimu hiyo miwili asionekane mtoto wa paka hata mmoja. Akionekana, sumu inawekwa siku hiyohiyo. Dokta alikubali kwa kutikisa kichwa mara moja. Tangu siku hiyo kila alichofanya alikifanya akiwa na sumu hiyo kichwani, na sisi tuliokuwa karibu naye tulilipia.

Kazi yake ilikwenda kijeshi. Saa moja kamili asubuhi alipanga sahani sita za bati kwenye ukuta wa stoo ya mwisho, akagonga moja kwa kijiko, na paka wakatoka chini ya mbao, juu ya mabati, ndani ya mtaro. Walikula nusu saa. Nusu saa ikiisha anaondoa sahani, ameshiba nani na nani hajashiba, shauri yao. Anaziosha na kuzifungia. Mchana na jioni ilikuwa marufuku mtu yeyote kuwapa hata mfupa, kwa sababu chakula kinacholala ni cha panya, na kwa sababu paka aliyezoea kula saa moja ni paka unayemjua yuko wapi saa moja. Baada ya miezi michache wote walikuwa pale kabla hajagonga, wamekaa wanamngoja. Ungeweza kuwahesabu kwa kidole, na yeye aliwahesabu kila siku.

Wiki ya kukamata hakulisha. Siku nzima paka walilia na kutuzunguka miguuni, naye akapita katikati yao akiwa ameshika gunia la mukene bila kudondosha hata mmoja. Kesho yake aliweka mitego ya waya aliyochomelewa na fundi mmoja wa Bwera, mlango ukianguka nyuma ya paka, na njaa ikamfanyia kazi. Upasuaji ulifanyika stoo kwangu, kwenye meza yangu ya kupimia, kwa sababu stoo yangu ilikuwa na dirisha. Hakuomba ruhusa. Alikuwa amehasi mafahali na mbuzi kwa miaka zaidi ya thelathini, na majike alijifunza kwa kuwashikia madaktari wa kweli nyuzi na taa. Paka akiwa amelala kwa dawa alimkata ncha ya sikio la kushoto, ili siku nyingine asipoteze mtego kwa mnyama aliyekwisha kupita mezani. Siku ya pili alimrudisha palepale alipomtoa.

Mimi nilikuwa mshikaji. Sijui nilikubali lini. Siku moja aliniambia, "Shika hapa," nikashika, na nikaendelea kushika miaka mitano.

"Usipapase," alikuwa akiniambia. "Shika. Hiyo mukono yako inabembeleza kama ya bibi harusi."

Watu wa nje walidhani anapenda paka. Sikuwahi kumwona akimpapasa hata mmoja. Mimi nilimpa jina paka mmoja mwekundu, Sultana, na Dokta aliposikia akaniuliza, "Sultana ikiugua utafanya nini?" Nikasema nitamtibu. Akasema, "Utachelewa kuiua, ndiyo utafanya." Wale waliooza taya au kukanyagwa na lori hakuwaongezea hata saa moja. Alikuwa na chupa ndogo ndani ya mkoba wake wa turubai, akachoma sindano, akashika kifua kwa vidole viwili mpaka kimetulia, kisha akaniambia nilete mfuko. Mpagazi mmoja alimwomba amwachie paka aliyevunjika kiuno, akisema Mungu anaweza kumponya. Dokta alimjibu kwamba Mungu amekuwa na paka huyo tangu jana, na akachoma sindano mtu akiwa bado anaongea.

Na kwa binadamu alikuwa vilevile. Mjane wa Bwera alikuja akilia kuhusu ng'ombe wake mgonjwa, akaambiwa amuuze kwa mchinjaji kabla ya saa nane, kwa sababu saa kumi atakuwa mzoga. Hakuambiwa pole. Nilimsema kwa hilo. Akanijibu, "Pole ingemupatia ngapi?"

Yale masikio yalizaa maneno. Mbele ya stoo yangu alikuwa akiuza samaki wa chumvi mama mmoja Mkongomani ambaye sote tulimwita Mama Butembo, kwa mji alikotoka, Mkatoliki wa rozari shingoni na sauti ya kuvusha mto. Alikuwa wa kwanza kuniuliza.

"Hajati, ile dokteri yako anapelekaka wapi ile bipande ya masikio?"

"Anatupa chooni."

"Apana. Bantu banasema anauzishaka kwa baganga ya kwetu. Ile mupaka yenye sikio moja iko na dawa ndani."

Nilimpelekea Dokta uvumi huo nikitarajia atakasirika. Alifurahi. Akaacha usambae, akawa anapita mbele ya meza za samaki akijipapasa mfuko wa koti, na kwa muda mrefu hakuna mpagazi aliyethubutu kumpiga teke paka mwenye sikio lililokatwa. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akitania, na hata hapo Mama Butembo alikosa usingizi kwa ajili yake.

Kwa nini basi alijisumbua na wanyama asiowapenda? Nilimuuliza mara moja tu, tukiwa tunachemsha vifaa. Alisema kwamba akiwa kijana kazini alitumwa katika mji mmoja, ambao hakuutaja nami sikumbana, kuweka nyama ya sumu kwa mbwa wa mitaani wakati wa kichaa cha mbwa. Afande wake alimwambia aweke na aondoke. Yeye hakuondoka. Alichagua mbwa mmoja akakaa naye chini ya mti wa mkalitusi mpaka mwisho, kwa sababu alitaka kujua anawapa nini.

"Inachukua muda," aliniambia. "Unafikiria imekwisha, halafu inaanza tena. Hiyo mbwa iliniangalia, ikatikisa mukia. Ilidhani nimekuja kuisaidia."

Akatoa mikasi kwenye maji. Akanigeuzia mgongo.

Sasa nije kwenye Ramadhani, ambayo ningependa kuiruka. Ulikuwa msimu wa pili wa masharti. Paka walibaki wachache kuhasiwa, na kati yao jike mmoja wa kijivu, mjanja, aliyekuwa amezaa mahali tusipopajua. Dokta alimtafuta wiki tatu. Alimnasa alasiri moja, akaniachia mtego ndani ya stoo umefunikwa kwa gunia, akasema atakuja alfajiri kumpasua kabla ya kulisha wengine. "Asikule kitu," alisema. "Unasikia? Hata maji, acha."

Nilisikia. Lakini jua likazama, nikaketi na sinia langu la futari, tende tatu, uji, na kipande cha samaki, na yule paka akaanza kulia chini ya gunia. Nilikuwa nimefunga tangu alfajiri. Niliijua njaa yake kwa tumbo langu. Kwetu hufungui kinywa mbele ya mwenye njaa bila kumkatia, hata awe nani, na mwezi huo ndio kabisa. Nilijiambia kipande kidogo hakina neno. Nikainua gunia, nikapenyeza samaki kwenye waya, akala kwa pupa huku akiningurumia. Nikampa na kingine. Nilijisikia vizuri sana. Nakumbuka hivyo, na sitaki kujidanganya: nilikula futari yangu nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Asubuhi Dokta alimchoma dawa ya kulala. Nami nilikuwa nimeshika. Kisu hakijagusa ngozi, mwili ukashtuka mikononi mwangu, samaki akapanda na kumziba koo. Dokta alimgeuza kichwa chini, akamwingiza kidole mdomoni, akampulizia puani kwa mdomo wake mwenyewe. Haikusaidia. Alipomlaza mezani kulikuwa na kipande cheupe cha samaki kwenye kidole chake. Alikiangalia, akaniangalia.

"Ulimupatia."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Uje hapa. Karibia. Angalia ndani ya mudomo." Alinishika shingo kwa nyuma, akaniinamisha mpaka nikaona. "Hiyo ni huruma yako. Angalia vizuri. Imekwama hapo."

Nililia. Alisubiri nimalize, halafu akasema jambo ambalo sijawahi kulisamehe ingawa lilikuwa kweli tupu. Alisema kwamba paka yule alikuwa na watoto mahali fulani chini ya mbao, kwamba watoto hao wasipopatikana watakufa kwa njaa, na wakipatikana na Mwenyekiti kabla yetu, wote waliobaki watauawa kwa sababu yangu. Kisha akanituma chini ya mbao, mimi mama mtu mzima niliyefunga, nikatambaa kwa tumbo katika vumbi la mahindi siku mbili. Siku ya pili nikawasikia. Walikuwa wawili, macho yamefumbuka karibuni.

Aliniletea maziwa ya mbuzi na bomba la sindano lisilo na sindano. "Uliua mama yao," alisema mbele ya wateja. "Lea." Nikawalea ndani ya boksi la sabuni chini ya kaunta, kwa siri, kila baada ya saa mbili, nikiogopa mlango kila Mwenyekiti alipokohoa nje. Walinizoea, wakawa wanalala kwenye mtandio wangu. Walipofikisha miezi miwili Dokta aliingia, akawatia kwenye kikapu, akawapeleka kwenye stoo ya shule moja upande wa Kabatoro, kwa wauza chumvi. Hakunipa nafasi ya kuwaaga. Nilipomuuliza kwa nini hakuniachia hata mmoja, alishangaa kweli. "Kwani ulikuwa unalea yako?"

Miaka iliyofuata aliniita muuaji mara nyingi kuliko Hajati. "Muuaji, leta taulo." "Muuaji, maji imechemka?" Wateja wapya walidhani ni mzaha wa jamaa wawili wanaopendana. Pengine ulikuwa. Mimi kila mara ulinichoma.

Lakini alishinda. Misimu miwili ilipita na mtoto wa paka hakuonekana. Paka wakabaki ishirini na wawili, kisha ishirini, wanene, wenye manyoya ya kung'aa, kimya, hawapigani tena wala hawakojolei magunia, na panya wakawa habari ya kusimulia. Paka mgeni akitokea bucha, walimfukuza wenyewe. Mwenyekiti alianza kuwaambia watu wa Kasese kwamba wazo lilikuwa lake. Dokta alimsikia akisema hivyo mbele yake na hakumpinga. Alisema tu, "Mwenyekiti anakaa kama amejifunza."

Kisha Dokta alianguka. Aliteleza mvua ikinyesha kwenye kijia cha shamba lake, akavunjika nyonga, na mwanawe akamweka kitandani Mahango. Dokta akaniletea ujumbe kwa mtu wa boda: saa moja, sahani sita, nusu saa. Nikawa nalisha mimi. Nilikuwa hodari, nasema bila haya. Sikuongeza hata mukene mmoja.

Ilipofika ile homa ya ng'ambo, ile ya kutapika damu, mpaka ulibadilika. Tulinawa maji ya dawa kila hatua, tukapimwa joto kwenye paji la uso kabla ya kuingia sokoni, na watu wakaacha kupeana mikono. Wakongomani walionekana kama wamebeba ugonjwa mifukoni. Halafu mtu mmoja, sijui nani, akasema kwamba paka wa nyuma ya soko wanakula popo na kuchakura mashimo ya taka, na kwamba hawajui mpaka. Wiki hiyohiyo Mwenyekiti alizungusha karatasi. Kila mwenye stoo atie sahihi paka waondolewe. Asiyetia, stoo yake itaandikwa kuwa ya hatari, na nani atanunua maharage ya stoo ya hatari?

Mama Butembo naye alikuwa amepanga stoo kufikia wakati huo. Karatasi ilipomfikia aliirudisha kwa ncha za vidole.

"Miye siweke jina yangu pale," alisema. "Siye pia banasema tunaleta magonjwa. Kesho batatuwekea dawa mu sahani?"

Karatasi ikaja kwangu. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na stoo imejaa mpaka mlangoni. Nilijua hoja zote za Dokta, ningeweza kuzisema nikiwa nimelala. Sikusema hata moja. Nilitia sahihi, na nilitumia kalamu yangu mwenyewe, maana ya Mwenyekiti iligoma.

Watu wa Mwenyekiti hawakuhitaji mitego. Walingoja saa moja asubuhi, wakapanga zile sahani sita za Dokta penye ukuta, wakagonga moja kwa kijiko. Paka wote walikuwa pale tayari, wamekaa. Mimi nilikaa nyumbani siku hiyo mpaka saa sita. Mama Butembo ndiye aliyekwenda na ufagio kujaribu kuwatawanya, na wapagazi wakamshika mikono wakimcheka, wakamwambia amezoea kuishi na wanyama. Aliniambia hayo mwenyewe, bila kunilaumu, akasema pia kwamba wengine walikuwa bado wanasogea saa tano. Nilipofika walikuwa wameshapakiwa kwenye toroli.

Mmoja alinusurika. Siku tatu baadaye nilisikia sauti nyuma ya magunia nikamkuta Sultana. Alijivuta kwa miguu ya mbele, ya nyuma imekufa, na tumbo limevimba. Nikamlaza kwenye mtandio, nikampa maziwa kwa kijiko. Siku nne nilimtunza, naye alilia kila nilipomgusa na kila nisipomgusa. Siku ya tano nilipanda boda kwenda Mahango kutafuta dawa, na kuomba msamaha.

Nyumba yake ilikuwa ukingoni mwa mteremko, migomba nyuma na kahawa imeanikwa mbele. Mkaza mwanawe alinikaribisha chai. Dokta alikuwa amekalishwa kitandani kwa mito, amekonda, mikono mirefu juu ya blanketi, yale makovu yamegeuka meupe. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilimweleza kila kitu, homa, popo, karatasi, kalamu. Nilimwambia nimetia sahihi. Hakunikatiza.

"Waliweka dawa gani?" aliuliza.

Nikamtajia ile ya kuua wadudu wa pamba.

"Ilichukua muda gani?"

"Sikuwepo, Muzee. Wanasema mpaka saa tano."

Alifumba macho. Nilidhani analia, nikaanza kusema nisamehe, nisamehe Muzee. Akainua kidole.

"Mungeniita," alisema. "Mungeleta gari, munibebe kama gunia. Ningezichoma sindano moja moja. Zingelala. Hakuna yenye ingelia."

"Ungekubali wauawe?"

"Mulikuwa mumekata shauri. Hiyo nilijua siku moja mutaikata, watu wakiogopa. Lakini saa nne nzima, Hajati. Kwenye sahani zangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo bila dhihaka, na ningependa zaidi aniite muuaji. Nikasema haraka kwamba mmoja amebaki. Uso wake ukabadilika, akaniambia nieleze. Nikaeleza miguu, tumbo, maziwa, kijiko, siku nne. Nilieleza kwa fahari kidogo, Mungu anisamehe, nikiamini kwamba hapa angalau nimefanya vizuri. Nikamuuliza ni dawa gani nimpe apone.

"Inalia?"

"Analia."

"Siku ngapi umesema?"

"Nne. Leo ya tano."

Alimwita mkaza mwanawe kwa Lhukonzo, lugha ya kwao, naye akaleta ule mkoba wa turubai kutoka juu ya kabati. Dokta aliufungua mwenyewe, akatoa ile chupa ndogo, akaipima kwenye mwanga wa dirisha, akaiweka kwenye blanketi pamoja na sindano mbili.

"Mbili za nini?" niliuliza.

"Moja ukiharibu."

"Muzee, mimi siwezi. Nimekuja unipe ya kumponya."

"Hiyo haiponi. Ilikuwa haiponi tangu siku ya kwanza, na wewe unaipatia maziwa."

"Mimi nilikuwa nashika tu. Sijawahi kuchoma. Mkono wangu hauwezi."

Alinitazama. Hakuwa na hasira yoyote usoni, na hilo ndilo lililonitisha.

"Ile karatasi ulisaini na mukono gani?"

"Wa kulia."

"Basi tumia hiyo hiyo."

Akajilaza kwenye mito, akageukia ukutani. Nikaacha chai yangu, nikatia chupa na sindano mkobani mwangu, nikamwambia wa boda anirudishe Mpondwe haraka.